Kukanda kwa Pumzi Moja

Kisa hiki ni cha kweli tupu, na Mzee Tanuri, mwoka mikate mstaafu, alikuwa tayari kukiapia mbele ya yeyote. Jumamosi hiyo alimwapia mjukuu wake wa kike, aliyekuwa akisoma biolojia kwenye meza ya jikoni.

"Bibi yako nilimpata kwa kukanda. Beseni zima la unga, kwa pumzi moja, mpaka ukawa laini kama shavu la mtoto. Akakubali papo hapo."

"Na ikiwa ni uongo?"

"Mikate ya kesho nakanda mimi, bila mashine."

Tangu mkewe afariki, kisa hicho ndicho kilichomrudisha: kitambaa kichwani, unga hadi kwenye viwiko, mlio wa beseni la bati. Mzee hakutaka kiguswe.

Binti akafunga kitabu. "Babu, tanuri lenu mkiliziba tundu la hewa, moto unakuwaje?"

Habari za tanuri alizipenda mno, akajiingiza mwenyewe mtegoni. "Unanuna, mama. Kuni zinafuka tu, mkate hauivi."

"Basi kila seli ya mkono wako ina matanuri yake, na kuni zake ni glukosi. Kwanza inaipasua vipande viwili bila kuhitaji hewa, inapata nishati kiduchu. Vile vipande vikiingia tanurini na oksijeni ipo, ndipo nishati ya kweli inapotoka. Ukibana pumzi unakanda kwa ile kiduchu, asidi inajaa kwenye misuli, mikono inagoma."

"Nilikuwa kijana."

"Nakupa nusu beseni, kwa huruma. Nusu ya pili alikanda nani?"

Mzee akageukia dirisha.

"Ndiyo maana kila ukifika hapo kwenye kisa, bibi alikuwa anatoka kwenda kucheka uani," binti alisema taratibu.

Miaka yote hiyo mzee alidhani anakwenda kuanua nguo. Aliogopa kisa kikianguka kitaondoka na mkewe. Badala yake alimwona wazi kuliko siku zote, akimsukuma pembeni kwa nyonga, akilivuta beseni, akimwambia apumue kwanza, asije akafa kabla hata hajaposa.

"Lete unga," alisema, akikunja mikono ya shati.

Hajafika hata nusu, pumzi kaibana, mikono ilikuwa inawaka moto.

"Pumua, babu."

Akapumua. Kisha akaendelea hadi ile nusu ya pili, iliyokuwa ikimsubiri tangu ujana wake.