Kitabu cha Kazi cha Adaílton

Bi Valdelice aliacha kula baada ya misa ya siku ya saba ya kifo cha mwanawe Adaílton. Akafunga mlango, akautia ufunguo kifuani. Ndani alibaki na bintiye Luane, ambaye Jumatatu alitakiwa kuanza kazi katika duka la dawa, mjini Salvador.

"Hatoki," aliniambia dirishani. "Mmoja ametosha."

Zahanati ya mtaa ilikuwa imenituma mimi, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa saikolojia, kwa sababu nyumba yetu ipo ngazi chache tu chini ya yake. Siku mbili nilizungumza na mbao za dirisha. Siku ya tatu mvua ilinilowesha, akanionea huruma, akafungua.

Mezani palikuwa na kitabu cha kazi cha Adaílton, kile cha buluu cha kuthibitisha ajira, ndani ya mfuko wa plastiki kama kilivyorudishwa na polisi. Alinisimulia bila kukitazama. Tangu kijana apate kazi ya kukanda unga kwenye duka la mikate, kila asubuhi mama alimuuliza mlangoni, "Kitabu?" Naye hupiga mfuko wa nyuma, "Kipo, mama." Alimfundisha kwamba polisi wakimsimamisha akitoe upesi, wajue ni mfanyakazi. Mchana ule walimsimamisha pale kona, mikono bado ina unga. Akapeleka mkono nyuma. Wakampiga risasi.

"Upesi," alisema Bi Valdelice. "Neno hilo nilimfundisha mimi."

Nilimwambia nilichofundishwa chuoni, kwamba kosa si lake. Akanitazama kwa upole.

"Wewe umesoma, mwanangu. Niambie basi, asingetia mkono mfukoni, angekufa?"

Nilimaliza kahawa aliyonipa, nikashuka ngazi kwa aibu.

Chini ya ngazi Bi Jacira huuza akarajé, bajia za kunde. Naye alizika mwana miaka minane iliyopita, kwa risasi za polisi vilevile. Mtaa mzima ulijua kwamba siku ya maziko hayo Bi Valdelice alisema, mbele za watu, kwamba mtoto anayezurura bila karatasi anajitafutia kifo. Tangu hapo hawakusalimiana. Nilisimama mbele ya karai lake muda mrefu kabla ya kuthubutu kumwomba apande kwa Bi Valdelice. Aligeuza bajia zake. Lakini Ijumaa, amevaa nyeupe kama desturi yetu ya siku hiyo, alipanda nami na bakuli la kuskus ya mahindi.

"Umekonda, Valdelice. Upepo wa leo ungekupeleka baharini."

"Umekuja kunirudishia maneno yangu."

"Nilikuja nayo. Hizi ngazi zenu zimenichosha, nimeyaacha njiani."

Aliketi bila kukaribishwa. Kisha akasema, sauti imeshuka, kwamba yeye wake alimfundisha kinyume: atoke na mifuko mitupu, asitie mkono popote. Walimtaka karatasi. Hana. Wakamwita mhuni, wakammaliza.

"Wangu hakuwa nayo," alisema. "Wako alikuwa nayo."

Bi Valdelice alikishika kile kitabu kwa mara ya kwanza. "Basi tungewafundisha nini?"

"Sijui. Miaka minane najiuliza. Ila bunduki hatukuishika sisi."

Hapo ndipo Bi Valdelice alipolia. Alilia hadi Luane akatoka chumbani, akasimama, hajui amshike vipi. Baadaye nilimsikia Bi Valdelice akisema, "Nilikusema vibaya, Jacira."

"Vibaya sana. Kula."

Alikula vijiko vitatu.

Jumatatu mlango ulikuwa wazi. Luane alisimama na mkoba begani, na mama yake akafungua mdomo, "Kita..." akanyamaza. Luane alingoja, mkono kwenye zipu. Mama alimshika mkono, wakashuka pamoja, nami nikawafuata. Bi Jacira akaacha karai lake, akaja nasi kituoni.

Gari la polisi lilipita polepole. Nilipotazama, sote wanne tulikuwa tumeitoa mikono ikaonekana, hata mimi.

Basi likaja, Luane akapanda. Bi Valdelice hakurudi nyumbani. Aliketi kwenye kigoda cha Bi Jacira, akavuta beseni la kunde zilizolowekwa, akaanza kuzimenya. Alimenya hadi jioni, na kila basi liliposimama, vidole vyake vilisimama pia.