Ukoko wa Mwenye Macho

Mtaa mzima hakuna mwanamke aliyeolewa vizuri kumshinda Bi Fagio. Hayo aliyasema mwenyewe, tena bila kuulizwa. "Mume wangu tangu anioe hajarudi nyumbani mikono mitupu hata siku moja." Halafu, akimwona msikilizaji ameanza kumwonea wivu, alishuka mwenyewe kwenye mti aliopanda. "Haya, mikono ilikuwa mitupu. Mdomo ndio uliokuwa umejaa."

Na ndivyo ilivyokuwa. Mumewe alikuwa fundi viatu, mwenye kigoda chake kwenye baraza ya kinyozi, pale barabara inapokata kona. Viatu vya watu vilimpa mchele, maharage na sabuni. Nyama iliijua nyumba ile kwa kupita nje. Lakini kila jioni Fundi alirudi na kitu alichokiokota kwa macho. Leo alimleta mbuzi aliyekula tangazo la mkutano ukutani, lote, akabakiza neno "karibuni". Kesho alimleta bwana aliyenyolewa nusu kichwa umeme ukakatika, akaenda hivyo hivyo kujitambulisha kwa wakwe huku kavaa kofia, na mlangoni akaambiwa, "Mwanangu, vua kofia ndani ya nyumba ya watu."

Nyumbani walikuwa watatu. Fundi, Bi Fagio, aliyefunga mafagio uani na ndiyo maana ya jina, na binti yao, mtu mzima, aliyeachika akarudi na pasi yake ya mkaa akawa anapiga pasi nguo za watu. Huyo walimwita Hakimu, kwa sababu ya ukoko.

Ukoko wenyewe ulikuwa hivi. Jua likishapoa walitandika mkeka nyuma ya nyumba, upande wa kivuli, wakala sinia moja. Wali ulikuwa wa wote. Ukoko chini ya sufuria ulikuwa wa mmoja tu, yule aliyeona jambo zuri kuliko wenzake siku hiyo. Sharti uwe umeliona leo, kwa macho yako, mahali ambapo mguu unakwenda na kurudi. Cha kusikia hakikupokelewa. "Cha kusikia wapelekee majirani," Hakimu alisema. "Hapa tunakula cha kuona." Mshindi aliutafuna ukoko wote peke yake, krau, krau, na wengine wakameza mate kwa adabu.

Mtu akiwatazama kwa juu juu angesema maskini hawa. Maganda ya machungwa walikausha ya kuwashia moto. Majani ya chai waliyapika mara mbili, na mara ya tatu yalikuwa ya wageni wasiopendwa. Lakini kicheko chao kilivuka ukuta, hata jirani mwenye televisheni alipunguza sauti apate kusikiliza.

Basi mwaka huo Bi Fagio alianza kugombana na mkono wa shati.

Mkono wa kushoto. Kila siku Fundi alirudi nao umejaa chokaa, kutoka begani mpaka kwenye kifungo.

"Wewe mzee, unatembea au unajipaka rangi?"

"Barabara imekuwa nyembamba, mke wangu. Au mimi nimenenepa."

"Unenepe kwa kitu gani? Kwa maneno?"

Walicheka, akafua. Kesho yake chokaa tena.

Na hadithi nazo zilikuwa na kitu. Bado zilikuwa tamu, lakini utamu wa chai ya mara ya pili. Jioni moja alisimulia kuku aliyeingia kwa kinyozi, akapanda kiti, na kinyozi akamfunga kitambaa shingoni kama mteja. Walicheka mpaka Hakimu akapaliwa. Ndipo Fundi akaongeza, "Akatoka mbio, akagonga ule mlango wa buluu, puu!"

"Mlango gani wa buluu?" Hakimu akauliza huku anafuta machozi. "Kinyozi kaupaka rangi nyekundu tangu mwezi uliopita, baba. Nyekundu ya kuumiza macho."

"Nimesema buluu? Ulimi hauna mfupa."

Ukoko akaupata, lakini Bi Fagio aliona alivyoutafuna. Aliutafuna polepole, kama mtu anayekula cha kuazima.

Siku iliyofuata Fundi aliondoka bila chakula chake. Kifuko siku zote kilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Asubuhi hiyo Bi Fagio alikuwa amekiweka juu ya kigoda, katikati ya chumba, mbele ya pua ya mtu. Fundi akapapasa msumari, akapapasa tena, akasema, "Leo nafunga," akatoka. Bi Fagio alikuwa jikoni, akadhani ni utani. Alipokiona kifuko baadaye akasema moyoni, uzee huo, akajifunga khanga, akakipeleka mwenyewe.

Alimkuta kwenye baraza ana kiatu cha mwanamume mapajani, kiatu cheusi, anakishona kwa uzi mweupe. Si uzi mmoja ulioponyoka. Mshono mzima ulikuwa mweupe, mzuri, ulionyooka, kama meno. Ule msharasi wake, sindano nene ya kutobolea ngozi, aliutangulizia kidole gumba kwanza, kupima mahali, na kidole kilikuwa na matundu mengi kuliko kiatu.

Bi Fagio akasimama mbele yake. Alikuwa na mzaha tayari mdomoni, kuhusu mzee anayesahau tumbo lake nyumbani. Fundi akainua uso. Akamtazama. Akatabasamu lile tabasamu la wateja.

"Karibu, mama. Kiatu au kandambili?"

Mzaha ukamfia mdomoni. Miaka yote aliyoishi na mwanamume huyu, wamezika naye, wamezaa naye, wamegawana shuka moja baridi na joto, na leo anakaribishwa kama mteja. Alitaka kusema "ni mimi" akajikuta amerudi hatua moja nyuma.

Fundi akangoja. Akasikia khanga ikisogea.

"Naona una haraka, mama," akasema kwa upole. "Pita baadaye, nitakuwapo."

*Naona*. Neno hilo lilimchoma Bi Fagio kuliko msharasi.

Kinyozi alikuwa ameshamwona. Akamwashiria aingie ndani, akafunga ule mlango mwekundu, akazima redio.

"Shemeji," akasema, na akashika kitana kwa sababu hakujua ashike nini. "Usinilaumu. Aliniapisha."

"Tangu lini?"

"Ilikuja kidogo kidogo. Kwanza pembeni pakafunga, akawa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Nilimpeleka hospitali mimi. Wakasema ni presha ya macho, tumechelewa, sehemu iliyokwisha kufa haifufuki. Sasa anabaki na mwanga tu. Anajua mchana na usiku, basi."

"Na nyumbani anafikaje?"

"Anafuata ukuta."

Chokaa! Bi Fagio akajitazama mikono iliyofua chokaa ile na kuigombeza.

"Na kuku aliyepanda kiti, akagonga mlango wa buluu?"

"Kuku ni wa kweli. Nilimsimulia mimi. Kila siku kabla hajafunga kazi ananiambia, haya, niuzie cha leo. Namweleza yote, nani kapita, kavaa nini, kaanguka wapi." Kinyozi akakuna kichwa. "Mlango wangu mwenyewe ndio nikausahau."

"Kwa nini hakuniambia, shemeji? Mimi mkewe!"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema, 'Mke wangu sikumpa dhahabu, sikumpa nyumba ya ghorofa. Nilimpa nilichokiona. Nikiingia kwangu bila macho nitakuwa mgeni anayekula bure.'"

Bi Fagio alitoka. Alikiacha kifuko kwa kinyozi ampe Fundi, aseme mtoto wa jirani amekileta. Akapita mbele ya mumewe bila kusimama, na Fundi akageuza uso kufuata nyayo zake, akasema kwa heshima, "Siku njema, mama."

Njiani alifuata ule ukuta. Alitaka kuujua. Pana mahali umebomoka, mtu asiye mwangalifu anaingia shimoni. Pana mahali msumari umejitokeza, kimo cha bega. Hapo alisimama akalia, ameelekea ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Kisha akaokota jiwe, akaupiga ule msumari mpaka ukalala. Watu wakamtazama. "Niacheni," akawaambia, "najenga."

Jioni alipika wali akausimamia kama mtu anayeuguza mwenye homa. Akauacha kidogo zaidi motoni, ukoko uwe mnene, wa rangi ya kahawia. Wakakaa mkekani. Hakimu akasimulia yake: shati aliloletewa kupigwa pasi na mfukoni mna nusu ya samosa. Bi Fagio akasema yeye hakuona kitu, ameshinda uani na mafagio.

"Leo mimi ninalo langu mwenyewe," Fundi akasema. Uso wake ulikuwa umechangamka hasa, kama zamani. "Hili halijapitia kwa mtu. Amekuja mwanamke, akasimama mbele yangu. Namwambia karibu, kimya. Namuuliza kiatu au kandambili, kimya. Nikamwambia pita baadaye. Akaondoka. Baadaye akapita tena, kimya vile vile! Sasa nimekaa nawaza, yule alitaka nini?"

Bi Fagio akashika ukingo wa mkeka.

"Alikuwaje?" Hakimu akauliza.

"Eh, alikuwa..." Fundi akameza mate. "Kijana kijana. Gauni la kijani. Kilemba cha manjano. Amenuna kama aliyetafuna ndimu."

Hakimu hakucheka. Aliweka kidole juu ya sufuria.

"Baba, usinikasirikie. Lakini siku hizi hadithi zako zinanuka jana. Juzi mlango wa buluu. Wiki iliyopita ukasema umemwona muuza magazeti, na muuza magazeti amelazwa. Leo mchana nimepita hapo na nguo za wateja. Sikuona gauni la kijani mtaa mzima. Mimi ni hakimu, na hakimu hali rushwa. Kesho naenda kwa kinyozi nikamuulize mwenyewe unafanya nini pale siku nzima."

"Muulize," Fundi akasema, lakini sauti ilikuwa imemwishia. Mkono wake ulipapasa mkekani ukitafuta kitu, haukupata, ukatulia. Mabega yakashuka. Bi Fagio alimwona mumewe anavyojiandaa kuwa mgeni nyumbani kwake.

"Kinyozi wa nini?" akasema kwa sauti kubwa, kubwa mno. "Shahidi si mimi hapa?"

Wote wawili wakageuka.

"Umesema umeshinda uani, mama."

"Uani hakuna mlango? Nilichungulia barabarani nikamwona. Gauni la kijani, kijani cha majani mabichi. Kilemba cha manjano. Na kununa! Nikasema moyoni, huyu ameachwa au ameacha ugali motoni. Mpe baba yako ukoko wake, acha kututia aibu."

Hakimu akatazama huyu, akatazama yule, akainua mikono. "Shahidi akisema, hakimu atafanyaje?" Akaubandua ukoko mzima, haukuvunjika hata ukingo, akauweka kwenye kiganja cha baba yake, akaondoka na sinia kwenda kuosha.

Wakabaki wawili. Fundi aliushika ukoko hakuula. Jirani alikuwa amepunguza sauti ya televisheni, lakini uani hapakuwa na cha kusikiliza.

"Kwa hiyo ulimwona," Fundi akasema.

"Si nimesema? Kwa macho yangu."

"Na alikuwa kijana?"

"Kijana, eh. Si sana."

"Na mtoto aliyembeba mgongoni? Bado alikuwa amelala?"

"Fofofo," Bi Fagio akajibu upesi, kwa furaha ya mtu anayevuka mto na kuona ng'ambo. "Kichwa kimelala upande, maskini, jua linampiga."

Fundi akaugeuza ukoko kwa vidole vile vyenye matundu.

"Mke wangu," akasema taratibu, "hakukuwa na mtoto. Nimemzaa sasa hivi, hapa mkekani. Wala gauni silijui. Yule mwanamke sikumwona."

Bi Fagio, ambaye mtaa mzima ulijua hakosi neno, akaitikia kwa kichwa. Kisha akakumbuka kwamba kichwa hakimfikii tena, na kwamba ingembidi aseme kwa mdomo.

"Nilikuwa mimi," akasema.