Mfuniko Wenye Shikio la Waya

Kidonda hakina adabu; hakiulizi mtu kaapa nini. Mwashi mstaafu alikuwa ameapa kwamba zahanati ile hataikanyaga hata kwa kuburutwa, na mguu wake wenyewe ukamburuta. Tofali lilimwangukia kwenye muundi, akajifanya hakuona, na sasa palikuwa pananuka.

Sababu alikuwa nayo. Marehemu mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Majani, alikuwa akiosha watu kwa majani: mwarobaini kwa upele, mpera na mvumbasi kwa vidonda vinavyotoa maji. Mkubwa wa zahanati akamwaibisha mbele ya watu, eti anaeneza uchafu, kisha akabandika tangazo mlangoni: majani marufuku. Ndivyo walivyo wenye vyeo. Kabati la dawa likiwa tupu, humtafuta wa kumsingizia. Jioni ile mume na mke wakala kiapo. Hata kifua kilipombana, Bi Majani hakupelekwa pale. Alifia kitandani kwake, na mwashi akabaki na faraja moja tu: alikufa akiwa upande wangu.

Muuguzi, mama mnene mwenye masihara, alimketisha chumba cha nyuma.

"Mguu huu, baba, ulikuwa unausubiri upone au uhame?"

"Osha, mama. Maneno nimeyaacha nyumbani."

Muuguzi akacheka, akavuta sufuria. Alipoifunua, mvuke ulipanda, na mwashi akasahau maumivu. Mvumbasi na mpera. Harufu ya mikono ya mkewe.

Macho yake yakatua kwenye mfuniko. Shikio lilikuwa la waya wa kufungia nondo, umesokotwa kwa koleo. Aliusokota mwenyewe. Mfuniko ulipopotea alimtuhumu jirani, na mpaka leo hawaamkiani.

"Huu mmeutoa wapi?"

"Kuna mama mmoja, Mungu amrehemu, alikuwa akitupitishia majani mlango wa nyuma kila dawa ya kuoshea ikiisha. Katufundisha: maji yakichemka epua, tia majani, funika mpaka yawe vuguvugu. Harufu ikitoroka, na dawa imetoroka. Akatukuta tunafunika kwa sahani, akacheka mpaka akakaa chini. Kesho yake kaja na huo."

"Na mkubwa wenu hakujua?"

"Hajui vipi? Si ndiye aliyekuwa akimfungulia."

Mwashi akautazama tena mfuniko. Miaka yote ile ya kupita ng'ambo ya barabara ili asiione zahanati, kumbe kiapo alikishika peke yake, kama mtu aliyeachiwa kamba na ng'ombe kashauzwa.

"Na kuhusu mumewe alisema nini?"

"Alituomba tusimwambie. Alisema hasira ndiyo mkongojo wake, ukimnyang'anya ataanguka."

Mguu ulipokwisha kufungwa, mwashi alinyoosha mkono. "Nipe mfuniko wangu."

"Wako?" Muuguzi akamtazama, na masihara yakamwisha usoni. "Baba, nisamehe. Sikujua ni wewe."

"Wakubwa wako walijua."

"Basi tusaidie. Haya ndiyo majani ya mwisho. Mvumbasi wetu umekauka, na nyumbani kwa yule mama, kwako, wanasema geti lina kufuli. Na tukikupa huo, tutafunikia nini?"

"Tangazo lenu bado lipo mlangoni. Funikieni hilo."

Akaondoka akichechemea, mfuniko kwapani. Nyumbani aliuweka juu ya sufuria ya mkewe. Ulikaa barabara. Akautoa, akautupa uvunguni.

Siku ya kurudi kufunguliwa bandeji, ndani ya geti lake alikuwa amepita kando ya mvumbasi uliosongamana mpaka ukutani, maana hakuna tena anayeuchuma. Muuguzi alimngoja na bakuli la maji ya chumvi.

"Kingepona upesi kwa yale majani, baba. Chako na vya wenzako waliopanga foleni hapo nje."

"Mwambieni aliyekuwa akiwaletea."

Muuguzi akainua bakuli. Akamimina. Maji yaliuma, na hayakuwa na harufu yoyote. Mwashi akakaza meno, mkono mfukoni, ameushika ufunguo wa geti.