Nakala ya Mzee

Mama aliingia kibandani kwa Fundi amekumbatia laptopu kama mtoto mwenye homa. Aliilaza mezani, kati ya bisibisi na kikombe cha chai iliyopoa, akafungua blanketi alimokuwa ameifungia.

"Baba yako haongei tangu jana."

Fundi, kitindamimba wake, aliinusa. Ilinuka plastiki iliyoungua.

"Mama, uliifunika hili blanketi ikiwa imewaka?"

"Kulikuwa na baridi. Alikuwa anakohoa."

"Ile ni feni! Umemziba pumzi. Umemchoma kwa mapenzi."

"Nipunguzie mdomo. Mtoe."

Mzee alipofariki alihamia kwenye laptopu, kwa sababu hata alipokuwa hai ndiko alikokuwa akishinda. Kila mchana Mama akiinua kifuniko, Mzee alitoka, akakaa jikoni, akalalamikia chumvi, halafu akauliza kama mkubwa amepiga simu. Mkubwa, kaka yake Fundi, hakuwa amepiga. Basi Mzee alimrekodia salamu, akaziweka kwenye folda bila kuzituma, asije akamkatiza mikutano. Kwenye mkoba Mama alikuwa na laptopu mpya, aliyoinunua huyo huyo mkubwa. Aliituma kwa dereva.

Fundi hakuiwasha ile iliyoungua. Alichomoa diski yake, akaiunga kwa waya na laptopu mpya, akaanza kunakili. Kunakili tu, si kuhamisha. Ukihamisha na umeme ukakatika katikati, imekula kwako. Aliwahi kumrudishia mteja harusi isiyo na bwana harusi.

Kwanza kilitoka kikohozi. Zikafuata ndara, kisha magoti. Kwenye tumbo, mstari wa kijani wa kuonyesha kunakili kumefika wapi ukakwama.

"Mvute," Mama alisema.

"Havutwi. Hizo ni salamu za kaka, nzito. Subiri."

"Tangu niolewe namsubiri huyu mtu avae viatu." Akainama kwenye kioo. "Baba watoto, vuta tumbo ndani."

Mstari ukasogea. Mzee akatoka mzima, akainywa ile chai iliyopoa bila kuuliza ya nani. Fundi akafungua picha, akafungua barua, akasikiliza salamu mpaka ya mwisho. Zote zilifunguka. Alipogeuka, kwenye stuli ya wateja alikuwa amekaa Mzee mwingine, yule wa diski. Kunakili ndivyo kulivyo.

Wazee wawili wakaangaliana.

"Umenenepa," alisema mmoja.

"Jiangalie na wewe."

"Mungu wangu," Mama alisema, "mmoja tu alikuwa ananichosha."

Fundi alieleza kwamba nakala mbili hazikai nyumba moja. Nyumba ikiungua, zimekwenda zote. Mmoja abaki kwa Mama, mwingine aende kwa kaka. Wote wawili wakanyoosha mkono kwenda kwa kaka. Fundi aliiona mikono yote miwili, akashughulika kukunja waya.

Aliyeenda ni yule wa diski, kwa kuwa anabebeka. Aliomba kitana, akachana nywele, akauliza kama kola imekaa sawa, kisha akaingia ndani ya diski.

Fundi alimpeleka mwenyewe mpaka ofisini kwa kaka.

"Asante, mdogo wangu. Nikipata nafasi nitaichomeka."

"Ni baba, bwana. Si chaja."

"Najua. Msalimie Mama."

Kaka aliitia diski kwenye droo. Humo ndani kukasikika kikohozi. Kaka akaisukuma droo taratibu, asimbane.

Tangu hapo Mama humpigia mkubwa.

"Umemchomeka?"

"Bado, Mama. Kazi."

"Ulizima simu nilipokuwa napiga?"

"Mtandao tu, Mama."

Mzee wa nyumbani husema mtoto wa watu aachwe, kazi zimembana, na yule mwenzake wa kwenye droo hana haraka. Kisha hugeuza kiti chake kielekee mlangoni, Mama amgombeze kwamba anaziba njia, naye asisogee. Fundi siku hizi akija kula huchukua sahani yake, akampita, akakaa pale pale kizingitini, ili Mzee akitazama mlango awe anamtazama mtu.