Mwanga Kwenye Ulimi wa Daktari Mungai

Jumanne asubuhi, katika maabara ya chuo kimoja katikati ya jiji, Nasimiyu aliinamia hadubini akaona bakteria wake wanang'aa kijani mwili mzima. Alikuwa ameunganisha kimeng'enya kimoja na protini inayong'aa ili ajue kinakaa wapi ndani ya bakteria. Sasa kilikuwa kila mahali, yaani hajui chochote. Asipojua kabla muhula haujaisha angerudia mwaka, na Anti Stellah, aliyemweka kwake mtaani Kileleshwa, alikuwa ameshamwambia anayerudia mwaka anarudi nyumbani Bungoma.

Aliangalia, akaangalia tena, mpaka akaona kosa. Ile protini aliifunga mkiani mwa kimeng'enya, na mkia ndio kimeng'enya hujishikilia nao mahali pake. Akaanza upya, akaifunga upande wa kichwa. Wiki chache baadaye mwanga ulitulia kwenye ncha mbili za kila bakteria, katikati giza. Akamwita mwalimu wake, Daktari Mungai.

"Nimekipata," Daktari akasema, na ulimi wake ukawaka kijani.

"Daktari, ulimi," akasema Ogutu, fundi wa maabara.

"Nimeuona. Chai iko?"

Mkutano wa utafiti ulikuwa Upper Hill. Ulifunguliwa kwa maombi kama kawaida, na stima ikapotea kabla ya amina, ukumbi ukawa giza. Daktari alisimama kando ya bango la utafiti akafungua mdomo, ukumbi ukapata mwanga. Akisema "utafiti wangu" mwanga unaongezeka. Akisema "wetu" unafifia.

"Sema 'wangu', Daktari," mama mmoja akaomba. "Huku nyuma hatuoni."

Akasema. Bango likasomeka mpaka chini: jina la Mungai, kisha la mkuu wa idara, ambaye hajawahi kukanyaga maabara. La Nasimiyu halikuwepo. Watu wakapiga makofi.

"Si hata wangekuandika kwa shukrani?" Ogutu akamnong'onezea.

"Lakini amenipitisha. Alama ziko kwa ubao tangu jana, nilikuwa naogopa kuangalia. Nimeona leo asubuhi."

Alitoka nje, akapiga simu.

"Anti, nimepita."

"Asante Yesu. Basi kaa hapa mpaka upate kazi. Na huyo daktari wako amesemaje?"

"Bado anaongea. Wamemwomba asinyamaze mpaka stima irudi."