Costancia Anamwosha Mama Mpweke

Costancia hakutumwa na mtu. Wanawake wa jumuiya yake walipangiwa kufagia kanisa la mlimani na kupanga mabenchi kabla mahujaji hawajapanda kutoka Kilosa mjini, basi. Lakini Costancia akiona doa, mkono humwasha.

Na doa lilikuwepo. Kando ya altare, bruda mmoja wa zamani alimchora Bikira Maria ukutani, amesimama, kichwa ameinamisha. Watu walimwita Mama Mpweke kwa sababu hakuwa na mtoto. Waliofiwa na watoto ndio waliompenda zaidi. Kila hija walimpaka mafuta ya nyonyo kwa kidole, wakawasha mishumaa chini yake, wakalia naye. Mafuta yakanasa moshi, moshi ukanasa vumbi, mpaka Mama akawa mweusi tii kama sufuria ya msibani. Uso tu ndio ulioonekana, tena kwa kuukodolea macho.

Costancia akaja na maji ya moto na sabuni ya mche. Alikusudia kusafisha pindo la gauni tu. Kitambaa kikatoka cheusi, ukuta ukatoka bluu, na bluu ile ikamtia kiwazimu. Akapanda juu ya benchi. Alipofika begani, kitambaa kikatoka na rangi ya kahawia, rangi ya ngozi ya mtu.

Akashuka haraka kwenye benchi. Amemfuta Mama. Na nyimbo za mahujaji zilishaanza kusikika bondeni. Aliwaza kurudi nyumbani, ajifunike, aseme ni malaria.

“Tumsifu Yesu Kristo,” ilisema sauti nyuma yake. Padri Damiano.

“Milele amina. Baba, nimeharibu.”

Padri akasogea, akawasha tochi ya simu, akakwaruza kidogo kwa ukucha. “Haya ni mafuta yaliyoganda, mama. Rangi yenyewe iko chini. Futa tena, polepole.”

“Mimi siugusi tena ukuta huu.”

Basi padri akafuta mwenyewe. Kwanza ikatokea mbeleko, imefungwa barabara kifuani. Kisha mguu mdogo ubavuni. Kisha kichwa cha mtoto aliyelala, shavu kalilaza mgongoni mwa mama yake. Bruda yule alimchora kama wanawake aliowaona wakipanda kanisani kila Jumapili. Na mtoto hakufichwa na mtu mwingine, ila na watu wale wale waliompenda mno mama yake.

Costancia alishusha pumzi, akacheka huku analia. Hakuharibu kitu. Lakini furaha haikudumu, kwani wa kwanza kuingia alikuwa Bibi Upendo wa Msowero, aliyezika wanawe wote, na ambaye hakukosa hija hata mwaka mmoja.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba.” Bibi alisimama mbele ya picha, akamtazama mtoto yule mgongoni.

“Nisamehe, bibi,” Costancia alisema. “Ni mimi niliyemwosha.”

“Miaka yote nilijua amefiwa kama mimi,” bibi alisema taratibu. “Kumbe anaye.”

Costancia akainamisha kichwa. Aliona amemnyang'anya bibi wa watu mwenzake pekee.

Bibi Upendo akaketi kwenye benchi la mbele, akanyoosha miguu yake iliyochoka.

“Afadhali,” akasema. “Nilikuwa namwonea huruma sana.”