Kifua cha Mama Pacha

Hakuna aliyemlazimisha Kinyozi kusema uongo ule. Aliusema asubuhi kweupe, kikombe cha chai mkononi, jikoni kwa mwanamke mchoraji aliyewakaribisha yeye na mkewe kwa siku tatu.

Walikuwa wamepanda mlimani kutazama na kuamua. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa mfinyanzi. Miaka kumi na tano alifinyanga mabakuli na mitungi kwenye veranda ya nyumba yao, akaenda kuyachomesha kwenye tanuri ya watu mtaa wa pili, na nusu yake yakarudi yamepasuka. Sasa wasanii wa mji huu mdogo wa milimani, wenye karakana ya pamoja na tanuri kubwa ya matofali, walikuwa wameiona kazi yake wakamwandikia barua: nafasi ipo, njoo. Pacha wenyewe walishakuwa watu wazima, kila mmoja na maisha yake. Hakukuwa na cha kuwazuia.

"Twende tukaone kwanza," Kinyozi alikuwa amesema. "Tusije tukauziwa mbuzi kwenye gunia."

Wakaenda, wakaona. Mji ulikuwa mzuri, hilo hakuweza kulikataa. Vichochoro vya mawe vya kupanda na kushuka, kuta zilizochorwa ndege, duka la vitabu lenye viti vingi kuliko vitabu, ukungu ukijiingilia tu majumbani bila hodi. Lakini Kinyozi alichotazama yeye ni vichwa. Wanaume wa pale walikuwa wamefuga nywele mpaka mabegani.

"Hapa kinyozi atakufa na mkasi mkononi," alimnong'oneza mkewe.

"Akili ni nywele, Baba Pacha," Mama Pacha akajibu huku akicheka. "Kila mtu ana zake."

Hata Kinyozi alicheka. Kilichomchoma kilikuja baadaye, karakanani. Watu walimzunguka mkewe, wakayageuzageuza mabakuli aliyokuja nayo, wakamuuliza habari za udongo, naye akawa anawajibu kwa sauti ambayo Kinyozi hakuwahi kuisikia nyumbani. Kisha mchongaji mmoja kijana akakumbuka kumgeukia.

"Na wewe, mzee, unafanya sanaa gani?"

"Nanyoa."

"Aa! Safi sana," akasema kijana yule, kama mtu anayemsifu mtoto kwa kumaliza uji.

Kule kwao Kinyozi alikuwa mtu. Viti vitatu, vioo vitatu, na hakuna habari ya mtaani iliyokwenda popote kabla ya kupita kwake. Hapa angekuwa nani? Mume wa mfinyanzi, basi.

Ndiyo maana asubuhi ya pili, Mama Pacha akiwa bado anaoga, mchoraji alipomuuliza, "Vipi shemeji, mmefikia wapi?" ulimi wake ulitangulia.

"Tungependa sana, dada. Shida ni kifua cha mwenzangu. Baridi haipatani naye kabisa, daktari alishamkanya. Ila tafadhali, usimwambie nimekwambia. Hapendi kuonekana mgonjwa."

Mchoraji akaweka kijiko chini. "Maskini wee. Na anavyojikaza!"

Kinyozi aliona haya palepale. Lakini haya ya kwanza ni kama maji ya kuoga ya baridi, ukivumilia kidogo mwili unazoea. Akamalizia chai yake.

Alichosahau, yeye aliyeishi miaka yote kwa habari za watu, ni kwamba mji mdogo hauna siri. Kufikia mchana, muuza vitabu alikuwa amemletea Mama Pacha kiti karibu na jiko la kuni. Mwanamke wa duka la nyuzi akamvisha skafu ya sufu na kukataa kuichukua tena. Kila waliyekutana naye alimwambia "pole" kwa sauti ya chini.

"Watu wa hapa wana nini?" Mama Pacha alimuuliza mumewe. "Wananipa pole kama nimefiwa."

"Ndiyo ukarimu wao," Kinyozi akasema, akitazama viatu vyake.

Siku ya tatu waliitwa karakanani kuaga. Wasanii wote walikuwapo, na msemaji alikuwa mchongaji mzee aliyetembea ameinama kwa maumivu ya mgongo. Vijana wa pale walimwita Babu.

"Mwanangu," alimwambia Mama Pacha, "tulikaa jana tukazungumza. Nafasi uliyopewa iko ghorofani, na kule kuna upepo. Mimi nitahamia juu. Wewe utakaa chini, mahali pangu, jirani na tanuri. Hapo kifua chako hakitapata baridi."

"Kifua?" Mama Pacha akasema.

Mchoraji akainamisha kichwa, akijua amevunja ahadi. Mama Pacha akamgeukia mumewe, akamtazama muda mfupi tu. Miaka ishirini na mitano ya ndoa haihitaji mrefu. Kinyozi alisubiri afichuliwe. Alitamani afichuliwe.

"Nashukuru sana, Babu," mkewe akasema taratibu. "Siku hizi nina nafuu. Nitapanda mwenyewe ngazi hizo."

Amenisitiri, Kinyozi aliwaza, na masikio yakamwaka moto. Angetukanwa mbele za watu, angevumilia. Kusitiriwa hakukuvumilika.

Walipotoka nje, Mama Pacha alitangulia mpaka chini ya ngazi za mawe, akasimama.

"Umenitia ugonjwa," alisema. "Mimi mzima, umenifanya mgonjwa kwa watu. Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Ungeniambia unaogopa! Ningebaki, au tungegombana, au tungeamua jambo. Sasa mzee wa watu anataka kupanda ngazi na mgongo ule kwa ajili ya ugonjwa ulioutunga wewe."

Kinyozi alirudi peke yake karakanani. Akasimama mlangoni na kusema yote, tangu "safi sana" hadi kikombe cha chai. Mtu mmoja alicheka, kisha akanyamaza alipoona wenzake hawacheki. Mchoraji alimtazama kama mtu aliyekuta nzi kwenye chakula alichokwisha kukisifu.

"Umefanya vizuri kuja," Babu akasema mwishowe. Akarudi kwenye kazi yake.

Mama Pacha alihama mwezi uliofuata. Kinyozi alimbebea masanduku mpaka ghorofani, akafunga rafu ukutani, akampangia udongo vizuri. Mchoraji alimkumbatia Mama Pacha, Kinyozi akapewa mkono tu. Hakuna aliyemwambia abaki, wala aondoke. "Wewe amua," mkewe alisema, "ila uamue kwa kweli." Kinyozi akashuka mlimani na basi la mchana.

Jumatatu yake mteja wa kwanza alikaa kitini, akajifunga kitambaa mwenyewe kwa mazoea.

"Mama Pacha haonekani. Yuko wapi?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni: amekwenda kumuuguza ndugu. Kinyozi alisimama na mashine mkononi mpaka mteja akainua macho kumtafuta kwenye kioo.

"Amehamia mlimani kwa kazi yake," alisema. "Nilitaka kumzuia. Nilimzulia ugonjwa."

Kinyozi akawasha mashine, akaanza kunyoa kuanzia kisogoni, mahali ambapo hawakuweza kutazamana.